Kosa la Kukaidi King'ora

Dada yangu, ambaye ni kiziwi tangu utotoni, alifukuzwa kazi kwa kosa la kukaidi king'ora. Sitii chumvi. Maneno hayo yameandikwa kwenye barua yenye nembo ya kiwanda, juu ya sahihi ya mtu aliyesoma, nami, ambaye riziki yangu ni kuhariri vitabu vya watu wengine, niliyapitia mara kadhaa nikitafuta kosa la uchapaji ambalo lingewaondolea aibu. Sikulipata. Walikuwa wamemaanisha.

Kiwanda chenyewe hutengeneza maboksi. Dada alisimamia mashine ya kubandika, katika ukumbi uliopakana na stoo ya gundi, na kwa miaka yote hiyo hakuna boksi lake lililoachama safarini. Siku moja moshi ulifuka stoo, king'ora kikalia, wenzake wakatoka nje, naye akaendelea kubandika mpaka afisa usalama aliporudi kumshika bega. Hakuna aliyeumia, moto ulikufa kwa ndoo ya mchanga. Lakini kiwanda kilisema kwamba juu ya mashine yake imetundikwa taa nyekundu, iliyowekwa kwa ajili yake peke yake, inayowaka pindi king'ora kinapolia. Kwamba taa hiyo hujaribiwa kila mwezi, na kila mwezi huwaka. Kwamba, kwa hiyo, aliiona akaidharau. Dada alisema haikuwaka. Likawa neno la mwanamke dhidi ya neno la taa, na taa ikaaminiwa.

Alikata rufaa kwenye baraza la migogoro ya kazi, nalo likapanga kuendesha shauri kwa njia ya video, Jumanne saa nne asubuhi. Mkalimani wa lugha ya alama angeungana nao kutoka kwake. Hapa ndipo skrini mbili zinapoingia, na namwomba msomaji asidhani kuwa ni anasa. Mtu asikiaye huweza kutazama waraka huku akimsikiliza wakili. Dada husikiliza kwa macho. Katika programu inayotumiwa na baraza, mtu akionyesha waraka, waraka hujaza kioo chote, na mkalimani hunywea pembeni akabaki na mikono ya sisimizi. Kwa skrini moja, ama unauona ushahidi, ama unajua unasemwaje. Vyote viwili hupati. Niliwaandikia baraza kuwaeleza hilo. Karani wao alijibu kwamba kila mhusika atatumia skrini moja, "ili kudumisha usawa". Nimesoma vitabu vingi juu ya usawa, na sijakutana na mwandishi aliyekuwa jasiri kiasi hicho.

Tukaamua kujitegemea. Niliazima skrini kubwa ofisini kwangu, nikaipeleka kwa dada iunganishwe na kompyuta yake mpakato, moja ibebe uso na mikono ya mkalimani, nyingine ibebe baraza na nyaraka zao. Kompyuta hiyo hutumia Linux, mfumo wa kompyuta ulio wazi kwa yeyote kuukagua. Niliiweka mimi, kwa kuwa mashine ilikuwa imezeeka na kwa kuwa naamini mwenye mashine ana haki ya kujua inafanya nini. Jumatatu jioni, kwa nia njema, ambayo ndiyo mama wa maafa mengi, nilikubali masasisho yote ya mfumo.

Jumanne saa moja asubuhi tulikuwa sebuleni. Dada aliichomoa taa ya mezani nyuma ya kabati la vyombo, akaihamishia dirishani imwangaze uso na mikono, mkalimani asije akamsoma gizani. Kwenye nafasi iliyobaki nikaweka skrini. Nikaingiza kebo ya picha kwenye kompyuta, nikaupenyeza waya wa umeme nyuma ya kabati, kwenye soketi ileile iliyoachwa na taa, nikachomeka. Skrini ikawaka. Ikaonyesha nembo ya mtengenezaji, kisha mandhari ya kompyuta ya dada, picha ya marehemu shemeji yangu akiwa amekunja uso juani.

"Umeona?" nikamwambia dada kwa mikono. "Watu wanasema Linux ni ngumu."

"Watu hawajasema kitu," akajibu. "Wewe ndiye husema, halafu hujijibu." Maneno yake nayaandika hapa kama maneno, ingawa aliyasema kwa mikono. Anayedhani mikono haina kejeli hajapata kugombana na dada yangu.

Wakati huohuo mlango ulianza kugongwa kwa ngumi. Alikuwa jirani, mzee mmoja mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Injinia, kwa sababu hakijapata kuharibika kitu mtaani bila yeye kukimaliza kabisa.

"Nabonyeza kengele, nabonyeza, kama nabonyeza ukuta!" alilalamika nilipofungua. "Humu mnakaa watu au picha za watu? Nimekuja kumtia moyo dada. Leo si ndiyo siku?"

Kengele ya nyumba ile hailii. Shemeji, aliyekuwa fundi umeme, aliitengeneza alipomwoa dada: mgeni akibonyeza kitufe, taa ya mezani sebuleni huwaka kwa muda mfupi, kisha hujizima. Taa ilikuwa imehamishwa, nilimwambia, hivyo asitegemee kengele. Tuliporudi sebuleni, skrini ilikuwa nyeusi.

Nilibonyeza swichi yake ya nyuma. Kimya. Haikuwa na kitaa cha kuonyesha uhai. Mtengenezaji, nadhani, aliona vitaa ni ushamba. Lakini umeme sikuutilia shaka, kwa kuwa nilikuwa nimeujaribu kwa macho yangu. Nilichomeka, ikawaka. Kilichobaki kushukiwa kilikuwa kimoja tu, masasisho ya jana.

Nikaketi. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika xrandr, amri ambayo kazi yake ni kuorodhesha skrini ambazo mashine inazitambua. Ikajibu kwamba tundu la HDMI, lile la kebo ya picha, halina kitu. Nikaangalia kebo: imekaa. Nikaichomoa, nikaigeuza, nikairudisha. Tundu halina kitu. Nikaanza kukiondoa na kukiweka upya kiendeshi cha picha, yaani ile programu inayotafsiri kati ya mfumo na kifaa, na wakati huo wote nilikuwa nikizungumza.

"Unajua shida yako ni nini, Bwana Vitabu?" Injinia akasema, amejitupa kwenye kochi. "Mfumo wa wasomi. Si uweke ule wa watu wote? Mpwa wangu anao, anacheza mpira humo, skrini haimsumbui."

"Mpwa wako hafukuzwi kazi leo."

"Hana kazi, atafukuzwaje?"

Taa ya dari ikazimwa na kuwashwa, ikazimwa na kuwashwa. Dada alikuwa amesimama kwenye swichi. Katika nyumba ya kiziwi hiyo ndiyo namna ya kuita jina la mtu.

"Mara ngapi nimekwambia usinipe mgongo ukiwa unaongea?" alisema. "Hii ni kesi yangu. Mnachobishana na huyo mzee ni nini?"

"Anasema tubadilishe mfumo."

"Na wewe?"

"Nasema ni masasisho."

"Na skrini inasema nini?"

"Haisemi."

"Angalau mmoja wenu ana adabu."

Injinia alipotafsiriwa hayo alicheka, akainuka, akatangaza kwamba nyumbani kwake ana kebo, si hizi za siku hizi, kebo yenye damu, anakwenda kuileta. Nilishukuru moyoni kwa kuondoka kwake, nikaingia kwenye majukwaa ya mtandaoni. Mtu mmoja, miaka ya nyuma, alikuwa ameandika shida yangu neno kwa neno: masasisho, kiendeshi, tundu tupu. Wajuzi wakamjibu kwa kurasa mbili, wengi wao wakimweleza kwamba kwao inafanya kazi. Kisha yeye mwenyewe akaandika, "Nimeshatatua, asanteni," akatoweka duniani. Hakusema alitatua vipi. Ninawafahamu watu waliofungwa kwa dhambi ndogo kuliko hiyo.

Nilikuwa bado naitazama sentensi hiyo wakati skrini ya pili ilipowaka. Nembo, kisha shemeji na uso wake uliokunjamana. Dada akapiga meza kwa furaha. Mlango ukafunguliwa, maana safari hii sikuutia komeo, na Injinia akaingia ameinua kebo kama anaingia na kikombe cha ushindi.

"Enhee! Sijaigusa hata! Imeiona kebo tu, ikaogopa!"

"Kiendeshi kipya ndicho kilichofanya kazi," nilimwambia.

"Kiendeshi! Dada, mwambie mdogo wako, mkono wa mtu una baraka zake."

Sikumtafsiria. Nilikuwa naandaa maneno ya kumweleza tofauti kati ya kufuatana na kusababishana, tofauti ambayo wanafalsafa waliisumbukia sana, wakati skrini ilipozimika tena mbele yetu sote. Madirisha yote yaliyokuwa yamehamia kwake yakarudi kwenye kompyuta, yakarundikana kama abiria walioshushwa njiani.

Tukaingiza kebo yenye damu. Tundu halina kitu.

Saa tatu ilikuwa imepita. Dada alikuwa amevaa, amefunga kitambaa cheusi kisichochanganya macho ya mkalimani, ameketi mbele ya kompyuta na mikono mapajani. Kwa mtu mwingine huo ni utulivu. Kwake ni kufunga mdomo.

"Wakileta picha zao," alisema hatimaye, "nitatazama mkalimani. Sitajua wanaonyesha nini. Nitaitikia ndiyo, ndiyo, kama siku ile kwenye ofisi ya meneja. Walinipa karatasi, nikaitikia, kumbe nakubali kosa."

Nikakimbilia kazi. Nilimwomba Injinia atupishe, kwa adabu iliyobaki, naye akatoka akinung'unika kwamba tenda wema nenda zako. Nikaizima kompyuta. Nilipoiwasha, nilisimama kwenye orodha ya mwanzo, nikachagua kiini cha zamani cha mfumo, kile cha kabla ya masasisho; Linux huwa haitupi cha jana mpaka imeridhika na cha leo, sifa ambayo ningependa kuiona kwa waajiri. Mashine ikaamka. Skrini ya pili ilikuwa nyeusi. Basi haikuwa masasisho. Nilikaa nikitazama ushahidi wa kutokuwa na hatia wa kitu nilichokuwa nimekilaani asubuhi nzima.

Ndipo ikawaka.

Na mlangoni, sekunde chache baadaye, sauti ikasema: "Jamani, nimesahau miwani yangu kwenye kochi."

Mimi siamini karama. Siamini mkono wa baraka, jicho baya, wala mzee anayeponya vioo kwa kukaribia. Lakini mtu mwenye shaka ya kweli hulazimika kuheshimu jambo linalotokea mara tatu. Kama haikuwa Injinia, kilikuwa kitu anachokifanya Injinia. Nilimshika mkono kabla hajafika kwenye kochi.

"Toka nje."

"Unanifukuza tena? Mimi? Nyumba niliyosaidia kuchimba msingi wake?"

"Toka, ufunge mlango, kisha ugonge kwa ngumi. Usibonyeze kitufe."

"Hata shikamoo hujanipa, leo unanituma kama mtoto!"

"Shikamoo, mzee. Toka."

Akatoka. Akagonga kwa hasira halali. Skrini, iliyokuwa imeshazimika tena, ilibaki nyeusi. Nikapaza sauti, "Sasa bonyeza kengele." Nembo. Shemeji. Uso uliokunjwa.

Niliinama nyuma ya kabati. Kutoka kwenye soketi niliyoitumia, waya mwembamba mweupe, uliopakwa rangi ya ukuta kwa umakini wa fundi, ulipanda hadi juu ya fremu ya mlango na kutokomea upande wa barazani. Miaka yote tuliamini kwamba ujanja wa shemeji uko ndani ya taa. Haukuwa ndani ya taa. Ulikuwa kwenye soketi. Soketi ile haikuwa na umeme ila pale mtu aliposimama mlangoni na kubonyeza kitufe. Asubuhi ile nilipoijaribu, Injinia alikuwa nje, kidole kikiwa kwenye kitufe. Nilijaribu, ikawaka, nikaandika moyoni kwamba umeme upo.

Nilimweleza dada. Nilitarajia anicheke kwa mwaka mzima, na haki hiyo bado anayo. Lakini hakucheka. Alikuwa akiufuata ule waya mweupe kwa macho, kutoka kwenye soketi hadi mlangoni, kisha akaurudia tena. Mikono yake ikainuka polepole.

"Ilijaribiwa," alisema. "Ikawaka."

"Ndiyo."

"Kila mwezi wanajaribu. Kila mwezi inawaka." Akasimama. "Taa yangu kiwandani. Waya wake hauendi kwenye ukumbi wetu. Unapita kwenye tundu la ukutani, juu ya mashine. Unaingia stoo ya gundi."

Injinia aliingia akidai miwani na kuombwa radhi. Vyote alipewa.

Nilihamisha waya wa skrini kwenye soketi ya upande wa pili wa chumba, soketi aminifu isiyojali wageni. Skrini ikawaka, ikabaki. Lakini zote mbili zilionyesha picha ileile, shemeji wawili wamekunja uso, kwa kuwa mfumo ulikuwa umeamua kurudufu badala ya kupanua. Nilifungua mipangilio, nikachagua skrini ziungane ubavu kwa ubavu, kubwa upande wa kulia. Nikamvuta mkalimani kushoto, baraza kulia. Saa nne ikagonga.

Baraza lilikuwa na watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya uchovu wa kusikia uongo. Wakili wa kiwanda alizungumza kwa ufasaha. Alisema "ukaidi" mara nyingi, na kila mara nilimwona mkalimani akilitengeneza neno hilo kwa mikono kwa upole ambao halikustahili. Afisa usalama aliketi ubavuni mwa wakili. Kisha wakili akasema ana kielelezo kipya, hakikuwamo kwenye nyaraka tulizotumiwa. Anaomba radhi kwa usumbufu. Ilikuwa picha ya taa nyekundu, imewaka, iliyopigwa siku ya jaribio la mwezi uleule.

Picha ilijaza skrini ya kulia. Kushoto, mkalimani aliendelea kuwa mkubwa kama mtu. Kwa mara ya kwanza tangu kesi hii ianze, dada yangu aliona jambo na akasikia linavyosemwa, kwa wakati mmoja, kama wengine wote katika kikao kile walivyofanya maisha yao yote bila kushukuru.

Aliinua mkono. Mkalimani akampa sauti. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba picha isiondolewe. Upande wa juu kulia kuna waya unaotoka kwenye taa. Unaingia wapi?"

"Mheshimiwa," wakili akasema, "mlalamikaji si mtaalamu wa umeme."

"Mimi ni mjane wa fundi umeme," dada alijibu, "na asubuhi hii nimepata mafunzo ya ziada. Waya unaingia wapi?"

Mwenyekiti alisogea karibu na kioo chake. "Naona tundu ukutani. Nyuma ya ukuta huo kuna nini? Afisa usalama ajibu."

"Stoo, mheshimiwa. Stoo ya gundi."

"Swali la pili," dada akasema. "Siku ile, moshi ulianzia wapi?"

"Stoo ya gundi. Jiko la kuyeyushia lilipiga shoti."

"Na umeme wa stoo?"

Afisa usalama alifumbua mdomo, akaufumba. Dada aliliona hilo kulia, kabla mikono ya kushoto haijapata la kutafsiri. "Swichi ya stoo ilijikata yenyewe," alisema yule mtu mwishowe. "Inatakiwa ijikate. King'ora kina betri yake."

"Na taa?" akauliza mwenyekiti. "Taa ina betri?"

Wakili alipekua karatasi zake. Mkalimani aliishusha mikono yake mapajani, na nadhani huo ndio ulikuwa ukimya wa kwanza ambao dada yangu aliufurahia.

Wakili hakukata tamaa, hulipwa asikate. Alisema kwamba hata kama taa haikuwaka, mfanyakazi makini angesikia harufu ya moshi.

Mwenyekiti alivua miwani. "Wakili. Mmemfukuza kwa masikio, yakawashinda. Mkaja kwa macho. Sasa mnataka tumfukuze kwa pua?"

Wajumbe wa baraza walitoka kushauriana, wakarudi. Kosa la kukaidi king'ora lilifutwa. Dada arudishwe kwenye mashine yake, na taa iunganishwe upya mbele ya mkaguzi kabla hajaiwasha mashine hiyo. Kiwanda, kupitia wakili, kilisema kinamkaribisha mfanyakazi wake kwa mikono miwili na kinamshukuru kwa kusaidia kuboresha usalama. Si pole. Shukrani, kana kwamba alikuwa mshauri waliyemwajiri. Nilitaka kusema neno, dada akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kikao kilipofungwa, alizima kompyuta, akaichukua taa ya mezani dirishani, akairudisha nyuma ya kabati, kwenye soketi yake. Mara ikawaka. Kutoka barazani nilisikia Injinia akiwatangazia wapita njia kwamba skrini ameitengeneza yeye, kwa mkono wake, bila hata kuigusa.

Niliinuka kwenda kumfungulia. Dada akanishika kiwiko.

"Taa si unaiona?" nilimwambia. "Amebonyeza."

Taa ikajizima. Ikawaka tena, ikajizima, ikawaka. Dada aliketi kwenye kochi, akanyoosha miguu, akaitazama kwa makini kama mtu anayekagua kazi ya fundi.

"Naiona," alisema. "Leo ndiyo naikaidi."